Dawa ya Bei Kubwa

Saady hakuwa mtu wa kufunga duka mchana. Hata kwenye misiba walikwenda kwa zamu, yeye na mkewe Zaitun, mmoja akihani na mwingine akiuza. Kwa hiyo siku aliyoteremsha mlango wa duka lake la vitenge kabla ya adhuhuri, majirani wa soko la Kasulu walidhani amefiwa na mzazi. Kumbe alikuwa anakwenda kupimwa na mashine.

Gari la matangazo lilikuwa limezunguka mji mzima, kutoka sokoni mpaka Mwilamvya, likisema kipimo ni bure, mashine imetoka ng'ambo, inasoma mwili mzima bila sindano, na baada ya Ijumaa itahamia Kibondo wala haitarudi. Hayo ya ng'ambo na sindano Saady aliyasikia kwa sikio moja. Kilichomtoa dukani ni hilo la kutorudi.

Na kweli alikuwa anaumwa. Alikuwa anakunywa maji jagi zima na kiu haiishi, usiku hakai kitandani kwa safari za chooni, na suruali zake zilikuwa zimeanza kumpwaya mpaka mshipi ukakosa matundu. Zaitun alikwishamsihi aende hospitali ya wilaya. Careen, muuguzi wa Moshi aliyehamishiwa Kasulu kikazi na kupanga chumba cha uani kwao, alimweleza kwamba kipimo cha sukari ni tone moja tu la damu, na jibu linatoka pale pale. Saady akajibu kwamba hospitali ya wilaya anaifahamu. Ni benchi refu, na mtu akikaa kwenye benchi lile na wenye vikohozi, atarudi nyumbani na kikohozi.

Kwenye ukumbi uliokodiwa kwa kipimo alimkuta kijana aitwaye Lusajo, amevaa suti nyeusi katika joto lile la mchana, tai imekaza shingo. Lusajo alimpa kifimbo cha chuma akishike, na kwenye kompyuta ikatokea picha ya mtu asiye na ngozi, anawaka taa nyekundu na kijani. Kijana akaitazama kwa huzuni. Akasema damu ni nzito. Akasema mzee wangu, wewe kuna siku unachoka bila sababu, usingizi wako haukai sawa, biashara inakupa mawazo, na kuna mtu wa karibu uliyemtendea wema akakuangusha.

Yote yalikuwa kweli. Lile la mtu wa karibu hata Zaitun hakulijua vizuri. Mwanamke wa nyuma yake kwenye foleni, muuza dagaa, aliambiwa maneno hayo hayo kwa mpangilio ule ule, na yeye akalia kabisa. Lakini wakati huo Saady alikwishasogezwa kwenye meza ya makopo.

Yalikuwa makopo ya rangi ya dhahabu, yenye maandishi ya Kiingereza na picha ya mlima. Bei yake, Lusajo alisema, ni laki tatu. Leo, kwa ajili ya watu wa Kasulu tu, laki na themanini. Na yamebaki matatu.

Mtu angetegemea Saady acheke hapo, ageuke aondoke. Yeye mwenyewe kila siku alianzia kitenge kwenye bei ya kutisha, kisha akashuka taratibu akimwambia mteja kwamba anampunguzia kwa sababu ni yeye. Yeye mwenyewe aliweka doti moja juu ya meza na kuapa kwamba ndiyo ya mwisho, na robota zima liko chini ya kaunta halijafunguliwa. Hila ile aliitambua mara moja, kama fundi anavyotambua mshono. Na hilo ndilo lililommaliza. Aliwaza kwamba kijana huyu anaijua kazi yake, na mtu anayeijua kazi hivi hawezi kuuza kitu cha ovyo.

Akanunua.

Nyumbani Zaitun aliuliza kopo ni la shilingi ngapi. Saady hakutaja alicholipa. Alisema ameokoa laki na ishirini.

"Ziko wapi?" Zaitun akauliza.

"Nini?"

"Hizo ulizookoa. Nikanunulie mchele."

Saady alimwambia kwamba wanawake hawaijui biashara, akameza vidonge vyake viwili vya kijani kwa kikombe cha chai yenye vijiko vinne vya sukari.

Dawa ilianza kufanya kazi siku hiyo hiyo, kwa sababu ilikuwa imeshanunuliwa. Siku alizoamka na nguvu, alisema mnaona. Siku alizoamka macho yana ukungu na miguu inamchoma kama amekanyaga pilipili, alisema vilevile mnaona, maana Lusajo alikuwa amemweleza kwamba sumu ikianza kutoka mwilini lazima mtu aumie kidogo. Zaitun alijaribu kutafuta siku ambayo mumewe angeweza kusema dawa haifanyi kazi, akaikosa. Akipona ni dawa, akizidiwa ni dawa. Kopo la kwanza lilipokwisha, Saady alituma fedha Kibondo kwa simu, akaletewa la pili kwa basi. Careen alimwomba walau ampime kidole pale pale uani. Saady alimwambia asante, mwanangu, lakini ameshapimwa na mashine kubwa.

*

Alianguka dukani siku ya soko, mbele ya mteja, mkononi ameshika kitenge ambacho walikuwa bado hawajaelewana bei. Majirani wakampakia kwenye pikapu ya muuza saruji. Hospitalini Careen alikuwa zamu. Alimchoma kidole, na kile kipimo kidogo kilishindwa kutaja namba kwa jinsi sukari ilivyokuwa juu. Walimtundikia maji, wakamchoma sindano, na Zaitun akakaa pembeni ya kitanda akimpepea kwa ncha ya mtandio, hajui kama anapepea mume au maiti.

Saady alizinduka, akapata nafuu, akatolewa. Daktari alimkalisha akamweleza kwamba ugonjwa huu hauondoki, ila mtu anaishi nao miaka mingi akimeza vidonge vyake, akiacha soda na chai tamu, na akitembea. Vidonge vyenyewe vilikuwa vyeupe, vimetiwa kwenye vibahasha vya kaki, na gharama yake haikufikia nusu ya bei ya kilemba.

Tatizo likawa hapo. Barabara nzima ya kurudi nyumbani Saady alikishika kile kibahasha kwa vidole viwili. Alisema dawa imefungwa kama karanga. Alisema kitu cha bei ile kinaweza kutibu mafua ya mtoto, labda. Na wageni walipokuja kumjulia hali aliwaeleza, huku ameegemea mito, kwamba bila lile kopo la dhahabu angekufa. Kwa sababu alikuwa analitumia, ndiyo maana alianguka tu.

Siku chache baadaye Zaitun alipokuwa akipanga nguo alivikuta vibahasha vyote vitatu ndani ya soksi, vidonge havijapungua hata kimoja. Alikaa kitandani. Hakulia. Alivitazama vile vidonge, akalitazama kopo la dhahabu lililokaa juu ya kabati karibu na msahafu, akaenda kubisha hodi chumba cha uani.

Careen alikataa. Alisema haiwezekani, mgonjwa ana haki ya kujua anachomeza.

"Alijua," Zaitun akasema. "Akakitia kwenye soksi."

Careen akasema kwamba ni kwa muda tu, mpaka mzee apate nguvu, halafu aambiwe, na sharti lake ni kwamba atakuwa anampima kila wiki. Zaitun akakubali yote.

Jioni hiyo alimletea mumewe kopo la dhahabu kwa mikono miwili. Alimwambia kwamba Lusajo amesikia habari za kuanguka kwake na ametuma awamu ya pili. Saady alilifungua akaona vidonge vyeupe, akakunja uso, akauliza mbona si vya kijani. Zaitun akasema hivi vina nguvu zaidi.

"Bei ni ile ile?"

"Imepanda."

Uso wa Saady ukakunjuka. Alitoa fedha bila kuuliza tena, na Zaitun akazipeleka sokoni zikawa mboga, samaki na unga wa dona. Kwa kuwa njia ilikuwa imefunguka, akaipitisha na mizigo mingine. Lusajo amekataza sukari. Lusajo amekataza soda. Lusajo amesema mtu wa awamu ya pili aende msikitini kwa miguu, asipande pikipiki. Lusajo ameagiza Careen aje na kipimo kidogo kila Jumamosi ili taarifa zitumwe kampuni. Maagizo yale yale aliyopewa bure na daktari akayapuuza, sasa Saady aliyafuata kama ibada, na akimwona Zaitun anataka kutia hata chembe ya sukari kwenye chai yake, alimkemea.

Akapona. Yaani, kwa ugonjwa ule, alifika mahali ambapo mtu anaitwa amepona. Macho yakaangaza, mshipi ukarudi kwenye tundu lake, usiku akalala kama mtoto. Careen alipima akatabasamu, kisha akamtazama Zaitun kwa jicho la kumkumbusha ahadi. Zaitun alisema wiki ijayo. Wiki ijayo ikawa ile nyingine. Kwa kweli alikuwa anaogopa. Amani ndani ya nyumba ilikuwa imekaa vizuri, naye hakutaka kuigusa.

*

Kitu ambacho Zaitun hakukipigia hesabu ni mdomo wa mumewe. Mtu aliyepona kwa fedha nyingi hawezi kupona kimya. Saady aliweka kopo tupu juu ya kaunta, kati ya vitenge, na kila mteja aliyelalamika mgongo, presha, mimba isiyoshika au mtoto mzito darasani alielezwa habari zake. Hakulipwa kitu kwa kazi hiyo. Aliifanya kwa moyo safi, na ndiyo maana waliamini.

Miongoni mwao alikuwa Odilia, mkulima wa maharage kutoka Titye, aliyekuwa akinunua kwake kila baada ya mavuno. Mumewe, Reverien, alikuwa na ugonjwa ule ule wa sukari. Alikuwa akihudhuria zahanati na kumeza vidonge vyake vyeupe bila makuu, mpaka mkewe alipoleta habari kutoka mjini kwamba tajiri wa vitenge ameviacha hivyo akapona.

Asubuhi moja Odilia akaingia dukani, vumbi limempanda hadi magotini. Alisalimia kwa Kiha, mwakeye, kisha akaendelea kwa Kiswahili, kwa sababu alikuja kumshukuru tajiri na kumuuliza neno. Wameuza mbuzi wote, alisema, wakatuma fedha Kibondo, kopo limefika, na Reverien ameacha vya zahanati. Sasa mguu wake una kidonda kinachotoa harufu, na mwenyewe anatetemeka kwa homa. Alichotaka kujua ni kama hiyo ndiyo sumu inatoka.

"Ndiyo yenyewe," Saady akasema kwa furaha. "Hata mimi iliniuma. Mwambie avumilie."

Zaitun alikuwa nyuma ya pazia, anakunja vitenge. Alisikia neno mbuzi, akasikia neno harufu. Kwa kitambo alisimama tu, kitenge mkononi, akijua kwamba akitoka pale mumewe hatamsamehe, na asipotoka kuna mtu atakufa Titye. Akatoka.

"Mama, usimwambie avumilie," alisema. "Mpeleke hospitali leo hii."

Saady akageuka. Zaitun hakumtazama, alimtazama Odilia, kwa sababu ilikuwa rahisi kusema kwa yule mgeni. Alieleza yote. Kwamba ndani ya lile kopo hakukuwa na dawa ya Lusajo. Kwamba ni vidonge vya hospitali, vile vile alivyoviacha Reverien, amekuwa akivitia humo kwa mkono wake kwa sababu mumewe alikuwa haviamini. Wateja wawili waliokuwa wakichagua vitambaa waliacha kuchagua.

Saady alisema si kweli. Zaitun akaingiza mkono kwenye pochi yake, akatoa kibahasha cha kaki kilichokuwa kimefunguliwa, akamwaga vidonge juu ya kaunta kando ya kopo. Vilikuwa ndivyo. Saady alikuwa amevimeza asubuhi na jioni, alivijua kwa umbo na kwa mstari wake wa katikati.

"Fedha nilizokupa?" aliuliza hatimaye, taratibu.

"Umezila. Dona, mchicha na samaki."

Mmoja wa wale wateja alicheka, akajifanya anakohoa. Odilia hakucheka. Aliuliza kwa sauti ndogo kama mbuzi wanaweza kurudishwa.

Careen alitafuta gari, na Reverien akaletwa kutoka Titye jioni ile amelazwa kwenye godoro. Walimkata vidole viwili vya mguu, na madaktari walisema angechelewa zaidi kidogo angeupoteza mguu wote. Saady alikwenda kumtazama. Alisimama mlangoni mwa wodi, akamwona yule mtu asiyemfahamu, aliyeacha dawa yake kwa sababu ya maneno yake, na Reverien akajaribu kuketi ili amsalimie kwa heshima. Saady akashindwa kuingia.

Alirudi kwa mkewe. Alikula chakula chake, akameza vidonge vyake kutoka kwenye kibahasha, waziwazi, kama mtu anayekula kiapo. Kesho yake alipanda basi la Kibondo kwenda kudai fedha za mbuzi.

*

Ukumbi wa Kibondo ulikuwa umejaa hadi madirishani. Saady alipita katikati ya viti akiwa amejiandaa kwa ugomvi, lakini Lusajo alimwona kwa mbali na uso wake ukachangamka kuliko wa mtu aliyeona ndugu. Kabla Saady hajafika mezani, kijana alikwishatangaza kwa kipaza sauti kwamba Mungu ni mkubwa, shahidi mwenyewe amekuja, mzee Saady wa Kasulu, aliyeanguka akainuka, ambaye wateja wa Kasulu hawaishi kumtaja. Watu wakapiga makofi. Kipaza sauti kikatiwa mkononi mwake.

Saady aliwaza kwamba hata hivi ni afadhali. Ugomvi wa mezani ungesikiwa na mmoja, hapa watasikia wote.

"Ndugu zangu," alisema, "mimi nilianguka nikiwa natumia kopo hili. Hospitali ndiyo iliyoniinua. Nikapewa vidonge vya sukari nikavidharau kwa sababu ni rahisi, mke wangu akavificha humu ndani nikavimeza bila kujua. Vilivyoniponya ni vile. Kopo lilikuwa chombo tu. Na kuna mtu Kasulu amekatwa vidole kwa ajili ya maneno yangu."

Mama mmoja wa mstari wa mbele, aliyejifunga kitenge kipya, akainua mkono.

"Baba, sasa hivi hali yako ni nzuri au mbaya?"

"Ni nzuri, lakini..."

"Na vidonge ulikuwa unavitoa ndani ya kopo hilo?"

"Ndiyo, ila nimesema..."

"Basi," mama akasema, akasimama kwenda mezani.

Wa pili yake naye akasimama, asije akakosa. Lusajo akachukua kipaza sauti kwa upole na kuwaeleza watu kwamba wamesikia kwa masikio yao, dawa hii haigombani na ya hospitali, bali huisaidia kufanya kazi, na kwamba leo yamebaki kumi tu. Viti vikaanza kuanguka.

Fedha za mbuzi Saady alizipata bila ugomvi wowote. Lusajo alimhesabia zote nyuma ya pazia, akamwongezea na noti nyingine juu, mgao wake, alisema, maana kwa muda wote aliofanya kazi hii hajapata shahidi anayesema vizuri kama yeye. Saady alichukua za Odilia, zile nyingine akaziweka chini sakafuni na kutoka.

Basi la kurudi lilikuwa bado. Alisimama nje ya mlango wa ukumbi na kuanza kuwasimamisha waliokuwa wakitoka. Wengine walimpita wakidhani anaomba. Wengine walisikiliza nusu ya habari, wakamwombea Mungu azidi kumponya. Kinamama wawili walitaka kupiga naye picha kwa simu. Sauti ilikuwa inamkauka.

Mzee mmoja mwenye koti kuukuu na mabuti ya shambani, kopo amelibana kwapani, ndiye pekee aliyemsikiliza mpaka mwisho. Aliitazama kanzu safi ya Saady, akaitazama saa yake, akatafakari.

"Haya," alisema kwa sauti ya chini. "Za kwako ziko wapi?"

"Zangu zipi?"

"Wewe ni mfanyabiashara, nimekuona. Huwezi kutoka Kasulu mpaka huku kuja kuziponda dawa za mwenzako kama huna zilizo bora zaidi."

Saady alifungua mdomo amweleze tena, tangu mwanzo, habari za hospitali na za vidole vya Reverien. Kisha akaufunga. Aliangalia huku na huku barabarani, akamshika mzee kiwiko, akamvuta kando, mbali na mlango.

"Zipo," alisema. "Lakini hawampi kila mtu."

Mzee akasogeza sikio.

"Wanakupima damu kwanza, waone kama zinakufaa. Hata ukija na fedha, wakiona hazikufai hupewi. Na ni asubuhi mapema tu, wenye namba. Ukichelewa umekosa."

"Ni wapi huko?"

"Hospitali ya wilaya. Ila usimtangazie kila mtu."

Katika hayo yote hakuwa amesema uongo hata mmoja. Mzee aligeuka akaitazama foleni ndani ya ukumbi, akaona jinsi wote walivyokuwa hawajui, akalibana kopo lake vizuri zaidi kwapani. Kisha akauliza kama akitoka kwake kabla ya alfajiri atapata namba ya kwanza.